Siku Anko Kirimi Alipomkumbatia Ngurumo

Majuzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Embu nikingoja zamu yangu, mzee mmoja aliyenitangulia akafungua kichupa cha mafuta ya kuchua ili ayanuse kwanza kabla ya kununua. Harufu ile kali ikanipanda puani mpaka macho yakalengwa na machozi. Muuzaji alidhani nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimerudi jikoni kwa nyanya yangu kule Timau, moshi wa kuni umetanda, baridi ya mlima inapenya chini ya mlango, na Anko Kirimi ameketi kwenye kigoda kidogo huku amevua shati. Nyanya anamchua mabega kwa nguvu kama anayekanda unga, akinung'unika.

"Wee Kirimi, watu wengine huenda Nairobi wakarudi na blanketi. Wewe unarudi na uvimbe."

Anko Kirimi alikuwa ndugu mdogo wa mama, na kazi yake ilikuwa mieleka. Si ile ya watoto wa shule, bali mieleka ya kulipwa, ya ulingoni, yenye refa, mabango na kipaza sauti. Hapo awali alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye shamba moja kubwa la ngano. Siku moja trela ilipata pancha kule shambani na jeki haikuwepo, Anko akaishika kwa nyuma na kuiinua ili wenzake watoe gurudumu. Promota mmoja wa mieleka, aliyekuwa amekuja kumtembelea meneja, aliyaona hayo. Kabla ya mavuno kwisha, Anko alikuwa ameshaenda Nairobi na kupewa jina jipya: Kifaru wa Timau. Tangu hapo alizunguka na kundi la promota huyo, leo Nakuru, kesho Kisumu, siku nyingine Siakago siku ya soko, ambapo walipigana vumbini mbuzi wakiwatazama. Kazi hiyo ilimng'oa jino la mbele, na sikio lake moja likajikunja kama uyoga uliokauka.

Mimi na kaka yangu Murithi tulimwabudu. Akija nyumbani alitupeleka kwenye marundo ya majani ya ngano yaliyoachwa na kombaini, akatufundisha mieleka. Nasema mieleka, lakini kwa kweli alitufundisha kuanguka tu. Kidevu kifuani, Kendi. Mikono wazi. Usipigane na ardhi. Tulianguka mchana kutwa mpaka nguo zikajaa makapi, na kila nilipomwomba anionyeshe namna ya kumshinda mtu alicheka kwa pengo lake, akasema kushinda hakuna haja ya kufundishwa.

Labda ndiyo maana yeye hakushinda kamwe. Hilo ndilo lililonikera utoto wangu wote. Mzee Mbaabu, mwenye bucha pale senta, kwenye maduka ya Timau, alikuwa amebandika bango la Anko ukutani juu ya mizani, Kifaru amekunja ngumi, misuli imemtoka kama mizizi. Chini ya bango hilo ndipo habari zilipofikia. Madereva wa malori ya viazi walizileta na Mzee Mbaabu akazitangaza huku akikata nyama: Ngurumo amemwangusha Kifaru Nakuru. Ngurumo amemwangusha Kifaru Embu. Huyo Ngurumo alikuwa pande la mtu kutoka Bungoma, aliyevaa joho jeusi lenye radi ya kitambaa cha manjano. Sikuwa nimemwona, lakini nilimchukia kuliko nilivyomchukia shetani wa shule ya Jumapili.

"Aliyeko juu mngoje chini," Mzee Mbaabu alinifariji akinifungia nyama kwenye gazeti. "Siku moja Kifaru wetu atamkalia yule mtu."

Basi mwaka mmoja, likizo ya Agosti, ikatangazwa kwamba kundi lile linakuja Meru mjini, na pambano kuu ni Ngurumo na Kifaru. Timau ikapata wazimu. Mwenye lori la viazi akakubali kutubeba. Tuliondoka asubuhi yenye ukungu mzito, tumebanana nyuma ya lori kama mifugo, kina mama wamejifunga leso kichwani, wazee wamevaa makoti waliyoyaweka kwa ajili ya harusi. Tuliimba njia nzima. Hata Nyanya, aliyekuwa akisema kwamba Mungu hakumpa mtu mgongo ili autupe chini mbele ya watu, alikuwa amepanda. Alikaa mbele na dereva, mkoba wake wa kanisani mapajani.

Ulingo ulikuwa umejengwa kwa mbao juu ya makreti ya soda na kufunikwa turubai la kijani. Nilipouona karibu nilivunjika moyo kidogo. Kamba zilikuwa zimelegea, na kila mpiganaji alipoanguka mbao zililia kama mlango mbovu. Lakini Anko alipotoka, ngozi inang'aa kwa mafuta, nilisahau yote. Watu wa Timau tulipiga kelele mpaka koo zikawaka. Ngurumo akaja na joho lake, tukamzomea. Murithi alimrushia bunzi la mahindi likamkosa.

Walipigana muda mrefu. Anko aliinuliwa, akatupwa, akainuka, akarushwa kwenye kamba, akarudi. Kisha Ngurumo alimkimbilia, Anko akainama na kumpitisha begani, jamaa akapaa. Nilimwona angani, mkubwa kama ng'ombe, na nilijua moyoni kwamba hii ndiyo siku. Akashuka kwa kichwa. Ubao mmoja ukapasuka kwa mlio ambao hata sisi wa nyuma tuliusikia.

Ngurumo hakuinuka. Alilala chali, mikono imetawanyika.

"Mkalie!" Mzee Mbaabu akapaza sauti. "Kifaru, mkalie!"

Uwanja wote ukaitikia. Mkalie! Maliza! Ilikuwa kazi ya kumlalia tu kifuani na refa apige turubai. Hata mimi mwenye miaka tisa ningeweza. Anko akapiga magoti. Akainama. Halafu badala ya kumkalia akamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, akaulaza mwili wake kando ya ule wa mwenzake na kuweka mikono yake pande zote mbili za shingo ya Ngurumo, akatulia hivyo. Midomo yake ilikuwa sikioni mwa Ngurumo, kama mtu anayemwimbia mtoto.

Kisha mtu akacheka. Kisha maganda ya machungwa yakaanza kuruka. Vijana wawili wa promota walipanda kumvuta Ngurumo kwa miguu, Anko akampiga mmoja teke bila kuachilia kile kichwa. Hapo ndipo promota aliposhika kipaza sauti. Akatangaza kwamba Kifaru ameingiwa na woga, amekataa kupigana, na kwamba mshindi ni Ngurumo, bingwa asiyeshindika, na kwa heshima ya ubingwa wake atatolewa ulingoni akiwa amebebwa juu juu! Muziki ukafunguliwa. Wakaleta mlango uliong'olewa chooni, wakamlaza bingwa juu yake, wakambeba mabegani. Watu wakashangilia. Na Anko wangu, mtu aliyeinua trela, akatembea kando ya mlango ule ameinua mikono juu, bado ameshika kichwa cha adui yake, maganda yakimpiga mgongoni.

Kurudi Timau hakuna aliyeimba. Nyuma ya lori watu walimsema Nyanya na mwanawe kana kwamba dirisha la mbele halikuwa wazi.

Kesho yake bango halikuwepo buchani. Anko alirudi baada ya siku chache na begi lake, na promota hakumwita tena. Akachukua jembe. Jina Kirimi kwetu ni mkulima hodari, na watu walisema hatimaye jina limempata. Kwa kawaida, hata hivyo, hawakumwita Kirimi. Walimwita Kumbatia. Watoto shuleni walinijia wamenyoosha mikono, wakanishika kichwa na kuniimbia nyimbo za kubembeleza mtoto. Nilipigana nao karibu kila wiki, na nilichapwa kwa kupigana, na jioni nilikwenda kwenye shamba la viazi kumuuliza.

"Anko, kwa nini hukumkalia?"

"Niliteleza."

"Hukuteleza. Nilikuona."

"Basi kama uliona, unaniuliza nini?" Na akaendelea kupalilia.

Mnajua jinsi mtoto anavyoweza kuumwa na jibu la namna hiyo. Ningetaka anidanganye vizuri zaidi.

Ngurumo alikuja mwenyewe. Ilikuwa mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna viazi. Tuliona mtu mrefu akipanda njia ya shamba polepole, akigeuza mwili mzima kila alipotaka kutazama upande, maana shingo haikugeuka. Hakuwa na joho. Alikuwa na sweta ya kijivu na kuku aliyefungwa miguu. Alimpa Nyanya yule kuku kwa mikono miwili, akasema anaitwa Wafula.

Nyanya alimkaribisha jikoni, akampa githeri ya mahindi na maharagwe. Wafula hakuweza kuinamia sahani, alilazimika kuileta kidevuni. Kisha akaiweka chini.

"Mama," alisema, "mimi nimekuja kukuambia kitu. Hii shingo ilivunjika. Daktari alisema mtu angenivuta tu, hata kidogo, ningekuwa wa kulala kitandani mpaka kufa, ama ningekufa papo hapo. Kijana wako alijua. Nilimwambia sisikii miguu. Akaniambia nisitikisike, yeye yuko. Hakuniachilia mpaka hospitali. Na siku hiyo ilikuwa mimi nishinde, ilikuwa imepangwa hivyo, lakini hata kama..."

"Wafula," Anko alisema, "kula."

Nyanya alikuwa ameshasimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka namna hiyo. "Jumapili utakuja kanisani," alimwambia mgeni. "Utasimama mbele uyaseme hayo maneno. Hapa wananicheka. Wanamcheka huyu. Utayasema yote."

"Nitasema, mama."

"Hatasema," Anko alisema.

"Kwa nini?"

"Mama, akisema niliokoa mtu, watauliza kwa nini promota alitangaza yeye ndiye bingwa. Ndipo atasema ilikuwa imepangwa. Na zote zilikuwa zimepangwa, mama, tangu Nakuru. Vijana bado wako barabarani, wana watoto. Wiki ijayo wako Siakago. Nani atatoka nyumbani kwake kwenda kutazama kitu kilichopangwa?"

"Na wewe je? Na jina lako?"

"Mimi niko na viazi."

Nyanya akaketi, akafunika uso kwa leso. Sisi watoto tulionywa kwamba neno lolote likitoka mle jikoni tutamjibu yeye. Na mjue kwamba nyanya yangu hakuwa mtu wa kujibiwa kirahisi.

Nilikaa na maneno yale kama mtu aliyemeza jiwe. Nilikuwa na jibu ambalo lingewanyamazisha watoto wote wa Timau, na sikuruhusiwa kulitoa. Niliendelea kupigana, niliendelea kuchapwa. Nilimkasirikia Anko kuliko nilivyokuwa nimemkasirikia kabla ya kujua. Nilidhani anaona aibu kwamba mapambano yalikuwa ya kupangwa. Wakati mwingine nilidhani ni mjinga tu.

Muhula wa tatu mwaka huohuo, lori la wanamieleka lilipita Timau likielekea Isiolo. Lilisimama barabarani, kwenye njia ya kwenda kwetu, karibu na senta. Wakashuka wote, miili mikubwa, masikio ya uyoga, wengine nawajua kutoka mabangoni. Watu wa senta walitoka madukani kutazama. Walidhani wamekuja kununua viazi. Wanaume wale walijipanga kwenye ukingo wa shamba letu, na Anko akaja kutoka kwenye matuta, jembe begani, matope mpaka magotini. Akaliweka chini. Wakampa mkono mmoja mmoja. Kila mmoja alivua kofia kwanza. Hakuna aliyesema kitu, au kama walisema, ni sauti ya chini ambayo haikufika kwetu. Wa mwisho alimpa mkono, wakapanda lori, wakaenda zao.

"Kumbatia amepata wageni," mtu mmoja alisema, na senta nzima ikacheka.

Nilisimama pale nimejaa hasira. Hao wote walijua! Hata mmoja asingeweza kugeuka na kuwaambia wale wajinga?

Leo hayo mapambano hayapo tena. Promota alikufa, ulingo uliisha kuwa kuni, na hakuna anayeweza kudhurika nikiyasema haya. Mimi ni muuguzi sasa. Nimewashika watu shingo nikingoja daktari, na najua jinsi mikono inavyokufa ganzi, na jinsi unavyotamani kuiachilia, hata kama hakuna anayekurushia maganda. Anko yuko hai, magoti yake yameisha, na huko Timau kuna vijana waliozaliwa juzi wanaomwita Kumbatia bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Bado linanichoma. Nikienda kumwona na kulisikia barabarani, nafika kwake nimekunja uso, naye ananiuliza kama nimeumwa na nyuki.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mimi ndiye niliyetaka Timau imheshimu. Yeye hakuiomba. Watu ambao heshima yao aliitaka walikuwa wamekuja na lori mchana peupe, wakasimama kwenye matope yetu wakiwa wamevua kofia, na yeye alikuwa ameipokea.