Mtoto Asiyesumbua

Wiki hii nilimsindikiza binti yangu kliniki, hapa Tabora mjini, kumpima mjukuu uzito. Mjukuu alilia tangu getini, na benchi zima likatutazama kwa kukereka. Pembeni yetu alikaa mama aliyehamia kutoka Burundi, kichanga chake kikiwa mapajani, kimya kabisa.

"Hongera, mama," jirani akamwambia. "Wako hasumbui." Nami nikaitikia kwa kichwa.

"Asante," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu jana halii. Hata ziwa hataki."

Binti yangu akageuka. Alimkwaruza yule mtoto unyayo kwa ukucha, mguu haukutikisika.

"Dada, mbona hujaingia ndani?"

"Wenzangu wamenitangulia. Mimi ni mgeni."

Binti yangu akanipa mjukuu nimpakate, akamnyakua yule mtoto na kuupita mstari wote hadi kwa nesi, mama mtu akimfuata mbio. Hakuna aliyeguna. Hata mjukuu alinyamaza, nikaingiwa na hofu, nikamtekenya mpaka akaanza tena.

Tunapenda sana kumsifu mgeni asiyetusumbua. Pale kwenye benchi, nikitazama mlango uliofungwa, nilijiuliza sifa zetu zimeshawanyamazisha wangapi.

Mwishowe kilio chembamba kikasikika kutoka ndani, kikapanda, kikawa kelele hasa. Mlango ukafunguka kidogo. Yule mama akachungulia, machozi yakimtiririka.

"Mtuwie radhi," akatuambia. "Tunawasumbua."