Sweta Isiyo na Mji

Mwalimu wa bara aliyepanga chumba cha chini kwangu hapa Lamu hafumi sweta yake akatulia. Mguu wake waipiga-piga sakafu, mara asimama, mara aketi kukifunua kitabu chake cha michoro na vitambaa vya kale. Sweta ikifika kwapani huifumua yote. Majirani humcheka: "Mwalimu, sweta na jua hili la Amu?" Naye hujibu, "Ya mamangu, kwetu Nyahururu ni baridi."

Jana alinijia mbio nayo mkononi, maana leo mwalimu mwenzake avuka Manda kupanda ndege, na ndiye wa kuipeleka. Alikuwa ameiga leso yangu, kanga niliyoianika uani, maua ya ukingoni sawasawa kabisa.

"Bi Barka, mbona naiona ina kasoro?"

"Umefuma pindo, mwanangu. Mji u wapi?"

Hakujua kwamba katikati ya leso ndiko kuitwako mji. Akaitazama sweta kifuani, patupu. Nikamnyang'anya ile sweta kabla hajaifumua, nikamrudishia pamoja na sindano na uzi mwekundu. Akaketi kizingitini kudarizi kifuani korosho kubwa kama ile ya mji wa leso yangu, mguu ukipiga.

"Na ikipinda?"

"Naipinde. Mamako yuwaona baridi."

Hapo ndipo mguu ukanyamaza.