Poda Aliyoirudisha Mama

Siku niliyosimama mbele ya maprofesa kutetea memwari yangu, kile kitabu cha kumalizia chuo, naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Wewe sasa uko mwaka wa mwisho chuoni pale Goma, na mama yako, dada yangu, ananiambia hupokei simu yake hata Jumapili, siku ya Mungu, kwa sababu unaandika. Anakusifu. Na mimi nilisifiwa hivyo hivyo.

Sisi ni watu wa ng'ombe, watu wa Muheto. Memwari yangu ilihusu magonjwa ya ng'ombe wa kwetu, na muhula wa mwisho nilijifungia nayo chumbani. Profesa akisahihisha neno moja, mimi naandika upya sura nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nilijiambia. Basi niliinama mpaka nikasahau kuinuka, na wakubwa wote wakanipigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyenionya.

Chumba kile tulilala wawili, mimi na Safari, mtoto wa wakulima wa Kalembe. Naye alikuwa na memwari yake, na hakuifanyia mchezo. Lakini kila siku ya Mungu, baada ya misa, wanafunzi wa mwaka wetu walipika pamoja nyuma ya nyumba, kila mmoja akileta cha kwao: viazi, maharagwe, unga wa muhogo. Walicheka mpaka mimi naziba masikio. Safari alikuwa akija kusimama mlangoni.

"Kaka, fungaka kwanza hiyo makaratasi. Batu banakungojea."

"Mukule tu. Mimi niko na kazi."

"Na sisi tuko na kazi. Memwari itaisha, na sisi tutaachana. Utatupata wapi tena?"

Mwishowe aliacha kuniita. Siku aliyotetea yeye sikwenda kumsikiliza. Nilikuwa chumbani, napanga orodha ya vitabu nilivyosoma.

Unajua desturi yetu. Mtu akitoka kutetea, wenzake humngoja mlangoni na poda, wakammwagia kichwani na shingoni mpaka anakuwa mweupe pe. Si kazi ya wazazi, wala huwezi kujimwagia mwenyewe. Kwa hiyo Mama alishuka kutoka Muheto na jibini, bidoni ya maziwa, na kopo jipya la poda la kuwapa wenzangu. Nilitetea vizuri, nikapata alama za juu kuliko wote. Nikatoka. Mlangoni alikuwa amesimama Mama peke yake.

"Benzako iko wapi?"

Nikamwambia wana shughuli. Mama akatazama ng'ambo ya ua. Walikuwa wamejaa pale, wanaimba, wanamngoja msichana wa darasa letu aliyeingia baada yangu.

"Nilituma mutoto kwa masomo, bakanirudishia karatasi," alisema. "Sasa hii maziwa nani atakunywa?"

Hakungoja jibu. Alibeba bidoni akawapelekea wao. Safari aliipokea kwa mikono miwili, akimwita Mama, akamtafutia kiti. Mimi alinitazama mara moja, kisha akageuka. Kopo la poda Mama alilirudisha kwenye mkoba wake, halijafunguliwa. Niliona aibu, mwanangu, aibu ambayo zile alama hazikuifuta.

Ungeniuliza siku ile, ningekwambia yatapita. Lakini miaka ilikwenda, vita vikatutoa Muheto, tukalala chini ya turubai njia ya Mubambiro, diploma nimeificha kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Safari naye alikimbia kutoka kwao Kalembe. Wale wale wa viazi na maharagwe walitafutana. Mmoja alimpa nyumba, mwingine akawaingiza watoto wake shule. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi simu ninayo, moto wa betri umejaa, sina wa kumpigia. Mama alifia chini ya turubai lile. Waliombeba kwenda kumzika walikuwa wapita njia, na mmoja wao aliniuliza huyu mama aliitwa nani.

Sikuambii uitupe memwari, mwanangu. Niliwaona pia waliocheza muhula mzima, wakarudia mwaka, na siwasifu. Iandike, uiandike vizuri, lakini siku moja katika juma uinyime. Siku hiyo ule na wenzako, uwacheke na wakucheke. Wakitetea, nenda ukae nyuma yao hata kama sura yako ya tatu haijaisha. Na mama yako akipiga simu, pokea. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole cha msomi.

Mungu wa wazee wetu akujalie umalize kwa heshima. Akuongezee siku, akuongezee watu. Na siku hizo zikiisha, ubebwe na wanaojua jina lako.