Bwana wa Kuazima ku Kipimo ya Mimba

Municheke tu, miye mwenyewe nimeshajicheka, lakini ile siku nilitaka udongo inimeze na mimba yangu yote.

Ku centre de santé moja (kituo ya afya) huku Bagira, mama wa mimba akikuja na bwana yake banamupokea wa kwanza. Weye wa peke yako unakaa tu kwenye kiti ya mbao mpaka mugongo inakufa. Bwana yangu alikuwa Luhwindja, anachimba zahabu, sasa miye na akili yangu (eti akili!) nikabeba Déo, mudogo yake, nikamwambia: "Shemeki, kuja unikalie bwana kidogo tu." Tukapita bamama kumi na moja, miye shingo juu kabisa.

Sikujua kama bwana naye banamupima! Bakatutoboa vidole sisi wawili, Déo ananikatia jicho, tukangoja, kisha infirmière, muuguzi wa pale, maman moja wa sauti ya kuimbisha kwaya, akasema: "Mama, uko na sifilisi."

Miye? Siumwi, sina kidonda, sina nini!

"Inakaaka mu damu bila kuonekana. Lakini inaweza kuua mutoto mu tumbo. Shindano ya dawa inaponyesha. Na papa, bwana yako huyu, hata kama damu yake haionyeshe kitu, tunamutibu, juu asikurudishie. Papa, teremusha suruali."

Déo akaruka: "Maman, miye si bwana yake! Miye ni shemeki!"

Yesu Maria! Mulango ilikuwa wazi. Inje mama mumoja akapiga makofi: "Kumbe analala na shemeki!" Na bengine bakaitikia eeeh, sawa vile ku misa.

Ningeweza kusema Déo anachezesha, apigwe ile shindano, turudi nyumbani. Lakini mutoto wangu wa kwanza alizaliwa mufu, miezi saba, na hakuna mutu alinielezea sababu. Na bwana yangu mwenyewe akitoka kule na ugonjwa mu damu, si tunaanza tena? Hasira ikanipanda (ya kujikasirikia mwenyewe, nani ingine?), nikasimama ku mulango, nikapaza sauti kwa nguvu: "Bwana yangu iko Luhwindja! Huyu nilimuazima juu ya kupita mustari!"

Bakacheka mpaka mumoja akashika tumbo, nikaogopa atazalia pale. Infirmière hakucheka. Alinitoboa shindano (ile kitu inauma, bandugu!), akanipa karatasi: "Mupigie simu leo. Musiulizane nani alileta. Akuje tu."

Siku ya tatu bwana yangu akafika, uso umekunjamana, matope ya chimbo ingali ku bottes. Alilalamika, lakini akatobolewa shindano.

Kupimwa, nitapimwa hata mbele ya parokia nzima. Kuazima bwana, jamani, hapana tena! Mutoto alizaliwa mwezi uliofuata, akalia mpaka majirani bakakasirika, na miye nikamuacha alie.