Walimsubiri Ashushe Unga

Siku yangu ya kwanza pale bandarini Kigoma, Fundi Mkuu hakuanza kwa kunionyesha kreni. Alinionyesha mtu. "Yule chini ndiye mpiga ishara wako," alisema. "Ukiwa juu, mtazame yeye tu. Hata mkuu wa bandari akikupungia mikono yote miwili, jifanye kipofu." Alikuwa mtu wa Tanga, mkali, na hakuwa na desturi ya kurudia maneno.

Ninyi vijana wa redio za mkononi mtacheka, lakini sisi tulizungumza kwa mikono. Kidole juu kikizunguka, pandisha. Kiganja kikitazama chini, shusha taratibu. Ngumi, shika hapo hapo. Mwendesha kreni haoni mzigo ukiingia ndani ya tumbo la meli, kwa hiyo mpiga ishara ndiye macho yake. Na mzigo ukiwa hewani huondoki kitini, hata uambiwe nyumba yako inaungua.

Asukulu alikuja miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Alitoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, pamoja na mkewe Nyota. Alianza kama kibarua wa kubeba magunia, na mpiga ishara wangu alipohamishwa, yeye akashika nafasi ile. Nimefanya kazi na wengi. Mikono ya Asukulu niliiamini kuliko ya mtu yeyote.

Tulikuwa na wazimu wetu wa Jumamosi wakati huo. Mhandisi mmoja wa meli, mgeni, alituachia kalenda yenye picha za visiwa vya bahari ya mbali: sanamu za mbao zenye midomo mipana, watu wenye mashada ya maua shingoni, vikombe vilivyochongwa sura. Hakuna kati yetu aliyevijua visiwa hivyo, lakini tulivipenda. Tukajenga kibanda mtaa wa Buzebazeba, tukakiezeka majani ya michikichi, tukashonesha mashati ya maua kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, tukajiita Klabu ya Visiwa. Kinywaji kilikuwa juisi ya nanasi na tangawizi, na wasio Waislamu waliongeza walichojua wenyewe. Asukulu ndiye aliyetuchongea sanamu na vikombe vyote. Akishachonga sura ya mtu, tulicheka mpaka machozi, maana alikuwa amempata.

Mkuu wa Zamu, bosi wetu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa mwanachama namba moja. Shati lake lilikuwa na maua kuliko yetu sote. Alimkumbatia Asukulu na kumwita ndugu yangu.

Kisha likatoka agizo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini warudishwe kambini. Jumatatu asubuhi lori la polisi likaingia gatini. Wavu wa kreni yangu ulikuwa hewani, umejaa magunia ya unga. Askari waliuliza kama pana mkimbizi. Wenzetu wote walitazama chini. Mkuu wa Zamu akanyoosha kidole.

Nilisikia kila neno, kwa sababu nilikuwa nimezima mashine kwa ishara ya ngumi ya Asukulu. Alimgeukia yule bosi akasema kwa upole, "Mukubwa, acha nishushe muzigo kwanza. Kuko watu chini."

"Shusha," alijibu Mkuu wa Zamu. "Unga usimwagike."

Wakamsubiri. Kiganja chini, taratibu, taratibu, mpaka wavu ukakaa. Nilipofika chini kwa ngazi, lori lilikuwa limeshatoka getini. Unga ulipewa muda. Mtu hakupewa hata wa kwenda nyumbani kwake Gungu kumchukua mkewe. Nyota alichukuliwa na lori jingine.

Mvua zilizofuata, homa ikamuua Asukulu huko kambini, upande wa Kasulu. Klabu ikaandaa kumbukumbu. Kibanda kilipambwa maua, kila mtu alishika kikombe chake, na Mkuu wa Zamu akasimama na shati lake. "Tumepoteza rafiki kipenzi," alisema. Watu wakalia.

Mimi nilikuwa natafuta uso mmoja. Nikauliza, "Nyota yuko wapi?"

Katibu wetu akasema kutoka kambini kunahitaji kibali.

"Nani alikwenda kumwombea?"

Hakuna aliyekwenda. Hakuna hata aliyemtumia habari. Walikuwa wanamlilia mume, na mjane hajui kama kuna kilio. Nikaweka kikombe chini nikaondoka, na asubuhi nikapanda basi kwenda kambini. Nilimkuta Nyota anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikamweleza habari ya kumbukumbu.

"Shemeji, kumbe walifanya kitu," alisema. "Walisema nini?"

"Walisema alikuwa mwenzao."

"Wakati gani?" aliuliza, akaendelea kutwanga.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Unapata heshima, unapigwa picha, unaambiwa kazi yako haitasahauliwa. Najivunia kazi yangu. Sikuwahi kumwumiza mtu kwa mzigo. Lakini hasira haikustaafu nami, na siionei haya. Siku ya kuniaga, Mkuu wa Zamu alinishika bega akauliza mbona Jumamosi siji tena. Nikamwambia nitakuja siku Nyota atakapokaa benchi la mbele.

"Mzee mwenzangu, sheria ya kambi si yangu," alisema.

"Najua," nikamjibu. "Hata lori halikuwa lako. Kidole ndicho kilichokuwa chako."