Matobolwa ya Shangazi Kabula

Juzi nilikwenda kumwona mgonjwa hapa Mwanza, nikamkuta mama mmoja anamnywesha mwanawe uji kwa kificho, na mtoto anasubiri kupasuliwa. Nikamwita muuguzi. Yule mama alinisonya.

Mchana mmoja wa utotoni mwangu nilikuwa mimi kitandani nikisubiri kupasuliwa, kwenye shuka linalonuka dawa, makorongo wanagombana juu ya bati. Sindano ya usingizi niliiogopa kuliko kisu. Shangazi Kabula akaja kutoka Kisesa na matobolwa, vile viazi vya kukausha, amevifunga kwenye kanga.

"Kula, baba. Mtu haendi kwenye kisu na njaa."

"Muuguzi kakataza, shangazi."

"Kwani yeye ndiye aliyekuzaa? Tafuna polepole."

Nikatafuna. Nilidhani tumbo likishiba ndilo litakalonivuta nirudi kutoka usingizini. Muuguzi alipouliza, nikasema sijala.

Nilitapika usingizini, chakula kikaingia mapafuni. Nilizinduka siku ya tatu, kifua kinawaka. Leo najua kwa nini walitaka tumbo tupu. Lakini Kabula aliitangazia Kisesa nzima kwamba dawa ya usingizi ndiyo iliyotaka kuniua, nami nikaitikia, kwa kuogopa fimbo nikikiri kwamba nilikula.

Miaka ikapita, mama yangu akaota uvimbe tumboni. Daktari akasema unaweza kutolewa. Mama akakataa kabisa kulazwa usingizi.

"Mwanangu aliniambia mwenyewe," alimjibu.

Tulimzika na uvimbe wake. Nikiwataja waliomuua, namtaja Kabula kwanza, halafu najitaja mimi.