Kivumbasi cha Makaburini

Biubwa binti Kibwana hakuingiza katika nyumba ya mgonjwa jani lililochumwa makaburini. Sharti hilo alilipokea kwa mama yake, na mtaa mzima wa Dunda ulilijua. Aliyebanwa na mafua au kifua alifushwa kwa kivumbasi cha uani kwa Biubwa: majani huchemshwa chunguni, mgonjwa hufunikwa shuka, akavuta mvuke mpaka jasho limtoke.

Mwaka 1949 mvua za masika zilikosekana. Kivumbasi cha uani kikakauka hadi mizizi. Wakati huo Ashatu, binti mdogo wa jirani yake Husseni, alikuwa ametoka hospitali. Homa imeshuka, lakini kifua bado kinambana, hata kulala hawezi. Husseni akaomba afushwe. Biubwa alizunguka mashamba hadi njia ya Kiwangwa, akarudi na kanga ya kubebea majani ikiwa tupu.

Lilibaki shina moja la kijani, juu ya kaburi la mtoto wa Mwanaharusi, mwanamke wa mtaa huo huo. Mama huyo alilimwagilia kila Ijumaa kwa maji aliyojinyima.

Mwingine angechuma kwa siri. Biubwa alikwenda kupiga hodi mchana, wanawake wakiwa barazani kwa Mwanaharusi wanasuka ukili. Alimwamkia mwenye nyumba, akaeleza haja yake mbele ya wote. Mikono ikasimama.

"Leo fundi umeishiwa," mmoja akamcheka, "unakwenda kuomba dawa kwa maiti?"

Mwanaharusi akaweka ukili wake chini, akamgeukia Biubwa.

"Mwanangu hana tena kifua cha kufushwa," akasema. "Chuma, mdogo wangu. Ila shina usilikate."

Ashatu alifushwa jioni ile, na tena kesho yake. Kohozi likalegea, akalala, na alipoamka alidai muhogo wa kuchoma. Husseni, kwa kuogopa maneno ya watu, alimsihi Biubwa aseme kwamba mwishowe alipata majani kwingine.

"Walioniamini kwa sharti langu," Biubwa akamjibu, "wana haki ya kujua kwamba nimelivunja."

Alisema kweli. Sharti ni la kuheshimiwa, lakini mtoto anayetafuta pumzi hangoji mvua. Na anayelazimika kulivunja, basi alivunje hadharani.

Ashatu alikua, akaolewa, akapata watoto. Biubwa hakuitwa tena kufusha mgonjwa Dunda, isipokuwa nyumbani kwa Husseni na kwa Mwanaharusi.